Historia ya Taa za Studio katika Picha za Magari za Kompyuta, na Istilahi Zake

Si muda mrefu uliopita tuliletewa mswada wa tafsiri ili tuusome na kuusahihisha. Ulikuwa mwongozo wa kuwafundisha wanafunzi wa chuo kimoja namna ya kutengeneza, kwa kompyuta, picha ya gari lililosimama ndani ya studio yenye taa, hata lionekane kama limepigwa picha na fundi hodari. Mfasiri alikuwa mtu makini na Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini mswada huo ulikuwa umekwisha kutumika darasani kwa muhula mzima, na mwalimu aliyetuletea alikuwa na malalamiko. Wanafunzi wake walikuwa wamefuata kila hatua ya sura iliyoitwa "Kutia Kivuli," wakaimaliza, na bado magari yao yalielea hewani kama maputo. Chini ya magurudumu hapakuwa na kivuli hata kidogo.

Kosa halikuwa la wanafunzi, wala hatuthubutu kusema kwamba lilikuwa la mfasiri peke yake. Katika lugha aliyotafsiri kutoka kwayo yamo maneno mawili ya mzizi mmoja. La kwanza ni kivuli ambacho kitu hukitupa juu ya kitu kingine. La pili, katika fani hii, ni kukadiria jinsi uso wa kitu unavyong'aa hapa na kufifia pale kadiri unavyoielekea taa au kuipa kisogo. Mtu akishika kamusi ya kawaida atapata "kivuli" kwa yote mawili, naye ataandika alichokipata. Tungeweza kumjibu mwalimu kwa orodha ya maneno kumi na kumaliza kazi. Tuliona afadhali kwanza tuichunguze historia ya jambo lenyewe, kwa kuwa wale waliovumbua hesabu hizi hawakuzivumbua kwa siku moja, na kila dhana ilipata jina wakati ilipohitajika. Makala haya ni matokeo ya uchunguzi huo.

Tuanze na gari. Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, Ivan Sutherland na wanafunzi wake walilichukua gari la mke wa Sutherland, Volkswagen ya lile umbo la mgongo wa mviringo ambalo wengi wetu tunalikumbuka barabarani. Walichora mistari juu ya bati lake, wakapima kila mahali mistari ilipokutana, kisha wakaandika vipimo hivyo kwa tarakimu tatu tatu: upana, urefu na kimo. Gari zima likawa kundi la vipande bapa vyenye ncha, na kompyuta ikaweza kulichora kutoka upande wowote.

Vipande bapa vilileta shida yao. Kama kila kipande kinapewa ung'avu wa namna moja, gari huonekana kama jiwe lililochongwa kwa tindo. Henri Gouraud, Mfaransa aliyesoma chuoni hapo hapo, alikuwa ameonyesha mwaka 1971 kwamba yafaa kukokotoa ung'avu kwenye ncha za kila kipande, kisha kuusambaza polepole kutoka ncha hii hadi ile. Uso ukalainika. Hata hivyo ile nukta kali ya mwanga inayoonekana juu ya boneti ilipotea kila ilipoangukia katikati ya kipande, kwa sababu ncha hazikuwa na habari nayo.

Aliyeitafutia dawa nukta hiyo ni Bui Tuong Phong, Mvietinamu aliyezaliwa Hanoi mwaka 1942. Katika tasnifu yake ya mwaka 1973, na katika makala iliyochapishwa mwaka 1975, alipendekeza kwamba kinachosambazwa kutoka ncha hadi ncha kisiwe ung'avu, bali mwelekeo wa uso wenyewe. Mwanga ukokotolewe upya katika kila nukta ya picha. Kisha akaongeza kiasi kimoja cha hesabu kwa ajili ya ile nukta kali: kiasi kinachopandishwa kwa kipeo fulani. Kipeo kikiwa kidogo, nukta huwa pana na butu, na kikiwa kikubwa huwa ndogo na kali kama ya chuma kilichosuguliwa. Miongoni mwa vitu vilivyochorwa kwa njia hiyo ni ile ile Volkswagen ya Utah. Phong alifariki mwaka 1975, kabla ya kuona jinsi jina lake lingeenea. Wasomaji watatuwia radhi tukitaja hapa kwamba "Phong" ndilo jina lake la kupewa. Ukoo wake ni Bui, maana Wavietinamu hutanguliza ukoo. Wenzake Wamarekani walidhani wanaiita njia hiyo kwa jina la ukoo kama ilivyo desturi yao ya kitaaluma, kumbe wanamwita kama ambavyo jirani zake wa Hanoi wangemwita. Mtu anayetafsiri fani hii asijaribu "kusahihisha" jambo hilo.

Sasa tulirejee gari linaloelea. Njia ya Phong huiuliza kila nukta ya uso maswali matatu: umeelekea wapi, taa iko wapi, na jicho liko wapi? Haiulizi kamwe kama kuna kitu kilichosimama kati ya nukta hiyo na taa. Kwa hiyo haiwezi kutoa kivuli, hata ikirudiwa mara elfu. Njia za kutafuta kivuli zilikuwa zikishughulikiwa kando na watu wengine: Arthur Appel mwaka 1968, Franklin Crow mwaka 1977, Lance Williams mwaka 1978. Wanafunzi wa yule mwalimu walikuwa wametii maandishi. Walitia kile kilichoitwa kivuli, nacho hakikuwa kivuli.

Kwa dhana hii ya pili tunapendekeza neno "mkolezo." Waswahili husema chumvi imekolea, rangi imekolea, na mchoraji husema amekoleza hapa na kufifisha pale. Ndicho hasa kinachofanywa na hesabu za Gouraud na za Phong. Mwenzetu mmoja alitetea neno "uvuli," naye ana hoja, kwa kuwa mzizi wake ndio uliotupa "kivuli" na "mwavuli." Ila uvuli kwa msemaji wa kawaida ni mahali pa ubaridi chini ya mwembe, na tofauti kati yake na kivuli ni silabi moja tu. Tukishatoka katika shimo la kwanza hatuoni sababu ya kuchimba la pili karibu yake. Basi "mkolezo wa Gouraud," "mkolezo wa Phong," na kivuli kibaki kivuli.

Chini ya hesabu za mkolezo kuna elimu kongwe zaidi. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa mwanga, na kanuni tunayoiita kwa jina lake inahusu nyuso ambazo hutawanya mwanga pande zote. Mfano wetu ni ukuta wa chokaa. Usimame kulia, usimame kushoto, ung'avu wake ni ule ule, na kinachoubadilisha ni pembe ya jua peke yake. Mfano wa kinyume ni sinia ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu: ukihama hatua moja, mmeto nao unahama. Uakisi wa ukuta wa chokaa tunauita "mwakisiko wa kutawanya," na wa sinia "mwakisiko wa kioo." Ile nukta kali ambayo Phong aliipa kipeo tunaiita "mmeto," kutoka kwenye "kumeta." Wapo waliopendekeza "mng'aro," lakini kitu huweza kung'aa chote, ilhali humeta mahali pamoja.

Hapo hapo tuliona haja ya kupanga ukoo wa maneno ya mwanga, kwani mswada ule uliyatumia kwa kubadilishana kana kwamba ni mamoja. "Mwanga" tumeliacha kwa kitu chenyewe kinachosafiri kutoka kwenye taa. (Mzee mmoja alitukumbusha kwamba mwanga ni mchawi pia. Tulimjibu kwamba huyo wingi wake ni wanga, na kwamba hajawahi kutajwa katika kitabu cha fizikia.) "Mwangaza" ni kiasi cha mwanga kinachokifikia kitu, na "ung'avu" ni kiasi kinachotoka katika kitu hicho kulielekea jicho. "Nuru" ni tamu mno kuachwa, lakini ina heshima ya dini na ya ushairi, nasi hatukutaka kuifunga kwenye mlingano. Inafaa kukumbuka kwamba Ibn al-Haytham, aliyeandika huko Misri katika karne ya 11 kitabu kikubwa kuhusu kuona, alikiita kwa neno la Kiarabu la mzizi ule ule uliotupatia "mandhari." Basi fani hii si ngeni kabisa katika msamiati wetu.

Mpaka hapa tumezungumzia uso wa kitu. Studio ni habari nyingine, na ndiyo kiini cha mswada ule.

Mpiga picha wa magari ana tatizo ambalo mpiga picha wa watu hana. Uso wa mtu hutawanya mwanga, kwa hiyo taa ndogo moja ikiwekwa vizuri huweza kuleta umbo. Gari jipya ni kioo kilichopindwa. Ukilimulika kwa taa ndogo, gari halionyeshi umbo lake: linaonyesha taa, na kamera, na miguu ya kamera, na mpiga picha mwenyewe akiwa amenepa na kupinda katika mlango. Gari jeusi hasa halina karibu kitu chake lenyewe cha kuonyesha. Kila kinachoonekana juu yake limekiazima kutoka kwa vitu vinavyolizunguka. Kwa sababu hiyo mafundi wa kazi hii walijifunza kutolimulika gari, bali kumulika kile ambacho gari litakiakisi. Juu ya gari hutundikwa taa pana sana, fremu yenye kitambaa cheupe kinachoweza kulipita gari lenyewe kwa urefu, na ukuta wa nyuma hujengwa bila kona, ukishuka na kupinda kuwa sakafu, ili pasiwe na mstari wowote utakaojichora katika bati. Ukingo wa taa ile pana, ukiakisiwa, hupita begani mwa gari kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma kama uzi mmoja. Uzi huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba bati limepinda hivi na si vile.

Wahandisi wanaujua uzi huo vizuri kuliko wapiga picha. Viwandani gari hupitishwa chini ya safu za taa ndefu zinazolingana, na mkaguzi hatazami bati, hutazama mistari ya taa ndani ya bati, maana ikivunjika au kuyumba pana kasoro ambayo kidole hakiioni. Jambo hilo liliingia katika hesabu pia. Mwaka 1980 Reinhold Klass alichapisha njia ya kurekebisha kasoro za uso kwa kutumia mistari ya uakisi iliyokokotolewa, kabla bati lenyewe halijakatwa. Nyuso hizo laini zilikuwa zimekwisha kuwa na lugha yake ya kihesabu tangu kazi za Paul de Casteljau katika kiwanda cha Citroën na Pierre Bézier katika Renault, miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960.

Tazama basi jinsi maneno yetu mawili ya kila siku yanavyotuangusha hapa. La kwanza ni "kioo." Dirisha la gari ni kioo, cha pembeni cha kutazamia nyuma ni kioo, na hata pale picha inapotokea katika kompyuta ni kioo. Katika hesabu za mwanga, cha kwanza hupitisha mwanga, cha pili huurudisha, na cha tatu huutoa. Mwongozo ulisema "ifanye rangi ya gari iwe na sifa za kioo," na baadhi ya wanafunzi wakatengeneza magari ambayo viti vilionekana kupitia milangoni. Twapendekeza "kioo angavu" kwa kile cha dirisha, "kioo akisi" kwa kile cha kujitazamia, na "skrini," neno ambalo watu wamekwisha kulipokea, kwa kile cha kompyuta.

La pili, gumu zaidi, ni "rangi." Twasema rangi ya gari ni nyekundu, na twasema gari limepigwa rangi. Moja ni sifa, nyingine ni kitu cha kopo. Kwa picha ya gari tofauti hii ni ya lazima, kwa sababu rangi ya kopo ina tabaka. Fundi wa gereji yeyote atakueleza: puti, msasa, praima, kisha rangi yenyewe, ambayo huenda ina chembe ndogo za alumini, na mwisho vanishi isiyo na rangi, ile ambayo mafundi wengi huiita klia. Mwanga ukifika, sehemu yake hugeuzwa na klia pale juu bila kuguswa na wekundu, na sehemu nyingine huingia, ikagonga chembe na rangi, ikatoka nyekundu. Ndiyo sababu mmeto juu ya gari jekundu ni mweupe. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba "rangi ya gari ni nyekundu" atauchora mmeto mwekundu, na gari lake litafanana na mtungi wa plastiki wenye vumbi.

Kiasi kinachogeuzwa na klia hakidumu kuwa kile kile. Mfaransa Augustin Fresnel, aliyefariki mwaka 1827, alitoa milingano yake. Anayetaka kuiona bila kalamu na aende gatini wakati wa maji kujaa. Akitazama moja kwa moja chini ataona mchanga na samaki, na akiinua macho kutazama mbali ataona mbingu tu juu ya maji. Kwa vanishi au kioo cha kawaida, mwanga unaofika wima hurudishwa kiasi cha asilimia 4, na ule unaofika kwa kulala sana hurudishwa karibu wote. Kwa hiyo paa la gari likitazamwa kutoka kimo cha mtu hugeuka karibu kioo akisi, na mlango ulio mbele ya mtazamaji hubaki na rangi yake. Picha nyingi za wanaoanza hukosa uhai kwa jambo hili moja, kwani wameipa gari nzima uakisi wa kiasi kimoja.

Kompyuta ilijifunza kuakisi mazingira kwa hatua. Mwaka 1976 James Blinn na Martin Newell, wa Utah pia, walichukua picha ya mazingira na kuizungusha nje ya kitu, kisha wakauliza kila nukta ya kitu hicho ingeona sehemu gani ya picha ile. Kitu walichokitumia kilikuwa buli la chai, lile ambalo Newell alilipima mwaka 1975 na ambalo tangu hapo limechorwa na kompyuta mara nyingi kupita buli lolote duniani. Njia hiyo ni rahisi, lakini kitu hakiwezi kujiakisi chenyewe: kioo cha pembeni cha gari hakitaonekana mlangoni. Turner Whitted, katika makala ya mwaka 1980, alifuata mwale mmoja mmoja kutoka jichoni, akaugeuza kila ulipokutana na kioo, akauvunja kila ulipoingia katika kitu angavu, na kila ulipogonga uso akatuma mwale mwingine kuitafuta taa. Mwale wa mwisho ukizuiwa, pale pana kivuli. Kivuli na uakisi vikapatikana katika mfumo mmoja.

Na taa? Taa zote hizo zilikuwa nukta: hazina upana, hazina mwelekeo, hazina kizuizi. Mtu aliweza kuzihamisha tu. Hapa anaingia mtu ambaye twaona hakupewa haki yake katika masimulizi ya kawaida, David Warn wa maabara za utafiti za General Motors. Mwaka 1983 alichapisha makala kuhusu udhibiti wa taa katika picha za kompyuta, na humo alieleza kwamba baadhi ya mawazo yake yalitokana na kuzitazama taa katika studio ya mpiga picha wa kazi hiyo. Tunalipenda jambo hili. Mtafiti wa kiwanda cha magari hakwenda kwanza kwa wanahesabu, alikwenda kutazama mtu akifanya kazi kwa mikono.

Aliporudi aliipa taa ya kompyuta vitu vitatu. Kwanza mwelekeo, ili taa ilengwe kwenye tairi au kwenye nembo. Pili mkusanyiko wa mwanga, ili taa moja iweze kuwa pana kama ya kumulika ukumbi au finyu kama kurunzi. Hapa alifanya werevu wa kupendeza: alitumia kipeo kile kile cha Phong, kana kwamba taa ni uso unaometa na mwanga wake ni mmeto. Tatu, vizuizi, vya namna ya mbavu na vya namna ya pia, vinavyoukata mwanga usipite mahali fulani. Katika studio halisi taa huwa na mbawa za bati zinazofunguka na kufungwa. Za Warn zilikuwa ni mipaka ya hesabu tu, na ziliweza kufanya ambayo bati haliwezi, kwa mfano kuimulika gari bila kuigusa sakafu.

Kwa haya tunapendekeza "taa nukta" kwa ile ya zamani, "taa lengwa" kwa ile ya Warn, na "mbawa" kwa vizuizi vyake. Neno "kurunzi" lilikuwa na watetezi wengi katika mjadala wetu kwa kuwa kila mtoto analijua. Tumelikataa kwa sababu hiyo hiyo. Kurunzi hushikwa mkononi na ina betri, na mwanafunzi akiisoma ataitafuta katika picha.

Taa lengwa bado haikuwa taa pana. Kivuli cha taa nukta kina ukingo wa wembe, na katika studio halisi hakuna kivuli cha namna hiyo. Mwaka 1984 Robert Cook, Thomas Porter na Loren Carpenter walionyesha kwamba miale ikitumwa mingi na kutawanywa kwa bahati nasibu juu ya eneo la taa, kivuli hupata ukingo unaofifia, na njia hiyo hiyo hutoa pia uakisi uliofifia na ukungu wa mwendo. Gharama yake ni chengachenga: miale ikiwa michache, picha huonekana kama imenyunyiziwa mchanga. Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Cindy Goral na wenzake waliazima hesabu za joto kutoka kwa wahandisi, wakakokotoa mwanga unaoruka kutoka ukuta hadi ukuta. Aliyeanika kanga nyekundu karibu na ukuta mweupe wakati wa jua anaijua dhana hiyo, kwani ukuta huingia haya. James Kajiya alikusanya yote katika mlingano mmoja mwaka 1986, na programu nyingi za leo ni njia mbalimbali za kukadiria jibu la mlingano huo.

Kilichobaki kilikuwa kuyaleta mazingira halisi ndani ya kompyuta. Picha ya kawaida ya kompyuta hugawa ung'avu katika ngazi 256, kutoka 0 hadi 255, na jua na karatasi nyeupe huweza kuangukia wote kwenye 255. Kwa macho hilo si kitu, bali kwa anayetaka kuitumia picha hiyo kama taa ni balaa. Paul Debevec, kwa kazi aliyoifanya na Jitendra Malik mwaka 1997 na makala yake ya mwaka 1998, alionyesha namna ya kupiga picha nyingi za mahali pamoja kwa muda tofauti wa kufungua kamera, kuziunganisha ili kiasi cha kweli cha mwanga kijulikane, na kumulika kitu cha kompyuta kwa picha hiyo. Mazingira yenyewe aliyapata kwa kupiga picha ya tufe la kioo akisi. Leo gari ambalo halijatengenezwa huweza kumulikwa na jua la jangwa ambalo halikuwahi kulifikia. Mwaka 2016 kampuni ya The Mill ilionyesha chombo kinachoendeshwa, chenye urefu unaoweza kubadilishwa na kamera juu yake. Hukimbia barabarani kikiyakusanya mazingira, kisha gari lolote la kompyuta huvalishwa juu yake kama joho.

Haya yanatuleta kwenye neno la mwisho, ambalo tumeshindwa kukubaliana juu yake. Chini ya matangazo mengi ya magari huandikwa, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba kinachoonekana kimetengenezwa kwa kompyuta. Ofisi moja ilituuliza maneno hayo yaandikweje kwa Kiswahili. Rasimu yao ilisema "picha ya kompyuta." Sasa, "picha" kwetu ni kile kinachopigwa kwa kamera na pia kile kinachochorwa kwa mkono, na "ya kompyuta" yaweza kuwa picha iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, hata ikiwa ilipigwa kwa kamera mbele ya gari halisi. Mnunuzi atakayesoma hivyo hataonywa lolote. Baadhi yetu wanapendelea "taswira," wakisema kwamba neno hilo tayari limebeba maana ya kitu kilichoumbwa akilini. Wengine wanaona kwamba taswira ni ya washairi na kwamba mnunuzi wa gari ataidhania pambo, nao wanataka isemwe wazi: "picha iliyoundwa kwa kompyuta, hakuna gari lililopigwa picha." Sisi tuliopewa kazi ya kuandika makala haya tumo katika kundi la pili. Maelezo hayo ni marefu, na ofisi ile imetuandikia kwamba hayaenei katika nafasi iliyotengwa. Tumewajibu kwamba nafasi iongezwe.